Arobaini Ghorofa ya Kumi na Nne

Inatangazwa kwa umma, na kwa wote wanaohusika, kwamba katika robo ya pili ya mwaka Minara Pacha ya Kusini imeendelea kudhihirisha nafasi yake kama kitovu cha biashara, uwekezaji na matumaini katika ukanda wa Mtwara na bonde la Ruvuma. Mnara wa Pili peke yake ulipokea wageni mia mbili na kumi na wanne kwa siku moja, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tangu jengo lizinduliwe. Kutokana na msongamano huo, na kwa kuzingatia usalama wa watumiaji, menejimenti inaelekeza kwamba lifti ya Mnara wa Pili isiachwe bila mwendeshaji hata kwa dakika moja ndani ya saa za kazi, Jumamosi ikiwemo.

Waraka huo umebandikwa ndani ya lifti yenyewe, usawa wa macho ya mtu wa kimo cha kati. Mtu wa kimo cha kati anayeusoma kila siku ni Muhidini Chinguile, mwendeshaji. Idadi iliyoandikwa ni ya kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapandisha hao mia mbili na kumi na wanne, saba saba, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaita.

Muhidini ana miaka sitini na moja, na lifti ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa mshahara. Miaka ishirini na sita aliimaliza Dar es Salaam, kwenye jengo la zamani karibu na Posta, akifungua na kufunga mlango wa vyuma unaokunjwa, akijua nani anashuka ghorofa ya ngapi kabla mwenyewe hajatamka. Huko alioa, akaacha, akaoa tena, akaachwa, watoto hakujaliwa. Jengo lilipovunjwa alirudi Mtwara na sanduku moja, akafikia Magomeni ya hukohuko kwa dada yake Fatuma, mjane, ndugu pekee aliyebaki wa tumbo moja. Alikuja kupumzika. Alipumzika wiki tisa.

Minara ilikamilika mwaka huohuo. Ilichorwa nyakati zile za gesi, wakati kila mwenye chumba Mtwara alikuwa na mpangaji na kila mwenye kiwanja alikuwa na bei mpya kila Ijumaa. Ilipokwisha kujengwa, matumaini yalikuwa yamehamia mahali pengine, ila minara haihamishiki. Mnara wa Kwanza ulijitahidi: ukapata benki, bima, na ofisi mbili za serikali zilizoambiwa zihamie. Mnara wa Pili ukapata wakala wa korosho, ghorofa ya tatu, anayefungua ofisi Oktoba na kuifunga Januari. Na ghorofa ya tano ukapata mradi wa kuhifadhi mikoko, wenye mfanyakazi mmoja, binti anayeitwa Modesta. Ghorofa nyingine kumi na mbili zina vioo, zulia, na maandishi ya "Inapangishwa" yanayotazama nje, yakisomwa na kunguru.

Siku ya uzinduzi diwani mmoja alikwama ndani ya lifti kwa dakika arobaini, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akiwa na mkasi wa kukatia utepe. Ikaamuliwa atafutwe mtu mzoefu. Mtwara nzima alikuwepo mmoja.

Lifti ilikuja na sauti. Ni mwanamke, mpole sana, anayetangaza kila ghorofa kwa Kichina, kwa sababu fundi aliyejua kubadili lugha aliondoka kabla hajaulizwa. Muhidini alimzoea. Ndani ya mwaka wa kwanza alikuwa anajua kuhesabu hadi kumi na nne kwa lugha ambayo hawezi kuombea hata maji ya kunywa. Zaidi ya sauti hiyo, siku ya kawaida ya kazi ilikuwa na mazungumzo ya mara moja tu, nayo yalikuwa asubuhi, Modesta anapoingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lifti hii hapa."

"Asante mzee, mimi napanda ngazi. Mazoezi."

Halafu viatu vya Modesta vinasikika vikipanda, na Muhidini anavisindikiza kwa masikio hadi ghorofa ya tano. Baada ya hapo ni yeye na yule mwanamke.

Sasa, Magomeni watu wanazikana. Hakuna palipoandikwa, na pengine ndiyo maana desturi yenyewe haivunjwi. Mtu akifa, wanaume wanaacha walichoshika: fundi anaacha randa, mwenye duka anashusha mlango nusu. Jeneza likitoka msikitini halibebwi na watu sita. Linapita mikononi, kila mmoja anaingia hatua chache na kupishwa na mwenzake, na anayebeba leo anajulikana, na asiyebeba anajulikana zaidi. Muhidini hakuwahi kubeba. Watu huzikwa baada ya swala ya adhuhuri, na saa hizo yeye yuko kazini hadi saa kumi na moja. Kwa miaka minne hakuzika mtu.

Fatuma ndiye aliyewasitiri wote wawili. Hakukosa msiba. Alikwenda na kanga zake za misibani, akapika, akalia, akalala tanga, na akiulizwa kuhusu kaka yake alijibu, "Muhidini yuko kwenye lifti." Alilisema hilo kama vile mtu anavyosema, yuko ng'ambo. Mtaani wakalifanya jina: Yuko Lifti. Wanaume wengi wa mtaa ule waliijua hiyo lakabu kabla hawajaijua sura ya mwenyewe.

Lakini mwanamke haendi makaburini. Fatuma aliweza kulia kwa niaba ya kaka yake. Kubeba kwa niaba yake hakuweza.

Alifariki mwezi wa pili, Jumanne asubuhi, kwa presha, akiwa anapepeta choroko. Wanawake walijaa ua mzima hadi wakakaa barabarani, kila mmoja akimlipa Fatuma machozi yaliyokuwa yake kwa haki. Wanaume, ukimtia Maalim Asadi aliyeswalisha, ambaye mguu wake mmoja si mzima, walikuwa kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa mzee Ramadhani, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye miaka sabini na minne, aliyekuja kwa sababu hakujua namna ya kutokuja.

Kutoka msikitini hadi makaburini ni kilomita moja na nusu. Fatuma alikuwa mtu wa mwili. Waliotaka kupishwa walitazama nyuma, na nyuma hapakuwa na mtu. Mbele ya duka la mabati, jeneza likateremshwa chini.

Ilikuwa dakika moja, labda mbili. Wakapangusa mikono kwenye kanzu, wakabadilishana mabega, mzee Ramadhani akahema huku ameshika magoti. Hakuna aliyesema neno. Mwenye duka alitoka, akasaidia kunyanyua, akarudi kwa wateja wake.

Aliyesema ni Bibi Hafsa. Ukoo wake, Wamakua wa upande wa Mpapura, na ukoo wa akina Chinguile, Wamakonde, ni watani tangu enzi asizozikumbuka mtu, na mtani msibani ana ruhusa ya kutamka ambalo wengine wanalimeza pamoja na chai. Siku ya tatu, wakati wa kuanua tanga, alisimama katikati ya ua, amevaa sufuria tupu kichwani kama kofia ya askari.

"Nyie akina Chinguile! Nimeshaona watu wanatua gunia la korosho njiani. Nimeona wanatua mbuzi. Lakini mtu mzima, mama aliyelia misiba ya mtaa huu yote, anatuliwa mbele ya mabati kana kwamba anasubiri kununua!"

Wanawake walicheka, wengine huku machozi yanawatoka.

"Na wewe, Yuko Lifti." Alimgeukia. "Arobaini wakija kumi na mmoja tena, mimi mtani wako navaa kanzu na kofia, niingie kwenye hesabu ya wanaume. Ndevu nitaazima kwa beberu!"

Muhidini alicheka, maana mfiwa hamkasirikii mtani. Watu walipoondoka alijikuta bado ameushikilia uso wa kucheka, na hakujua auweke wapi.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu. Siku ya arobaini wanaume wajae. Aliamini, kwa hesabu ambayo hakumwonyesha mtu, kwamba wakijaa siku hiyo basi lile jeneza litakuwa kama halikuteremshwa.

Akaanza kualika. Baada ya magharibi alisimama barazani pa msikiti, mahali ambapo wengine husimama bila kufikiri, akamfuata mmoja mmoja. Sudi, seremala, alimsikiliza kwa adabu.

"Inshallah," alisema Sudi, kwa ile sauti ya inshallah ambayo haina tarehe ndani yake. "Hivi bwana Muhidini, kule juu kabisa, kweli mtu anaiona Msumbiji?"

"Ukungu usipokuwepo, wanasema hivyo."

"Wanasema? Si wewe uko huko kutwa?"

"Mimi naona mlango."

Wote waliuliza hilohilo. Jina la Fatuma lilijibiwa kwa inshallah, minara ikajibiwa kwa maswali. Ni kweli kwamba milango inamfungukia mtu yenyewe? Ni kweli choo kinajisafisha chenyewe? Mtaa mzima ulikuwa umeitazama minara ile kwa miaka minne kutoka chini, na askari wa getini alikuwa amemwuliza kila aliyesogea ana shida gani, na hakuna aliyekuwa na shida inayotosha.

Alimweleza Bibi Hafsa, aliyekuwa amekuja kuazima ungo.

"Mtani," alisema Hafsa, "wewe una kitu kimoja tu duniani ambacho watu wanakitaka, na unakaa ndani yake kutwa kama funza ndani ya embe."

"Kile si changu."

"Na mtaa huu kuna nani ana chake? Kaombe."

Akaenda kuomba hitma ya arobaini isomwe kule juu. Meneja wa jengo anaitwa Fredi, kijana nadhifu aliyehamishiwa kutoka Dodoma. Kila mwisho wa mwezi Fredi hujaza fomu yenye safu ya idadi ya wageni wa Mnara wa Pili, na kila mwisho wa mwezi huitazama safu hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine. Alimsikiliza Muhidini hadi mwisho, akizungusha kalamu.

"Ukumbi wa ghorofa ya kumi na nne haujawahi kutumika," alisema Fredi. "Hiyo hitma inakuwaje? Watu wanakaa?"

"Wanakaa."

"Kuna mzungumzaji mkuu?"

"Yupo Maalim Asadi."

"Na chakula?"

"Pilau."

"Basi mzee, hilo ni kongamano." Akachomoa fomu. Palipoandikwa mada, Muhidini akaandika, Fatuma binti Chinguile. Palipoandikwa matarajio, akafikiri kidogo, akaandika, watu waje. Fredi akagonga muhuri. "Sharti moja tu. Ufunguo wa lifti usitoke mkononi mwako. Bima inakutambua wewe peke yako."

Muhidini alikubali kabla sentensi haijaisha. Alikuwa ameshahesabu mchele, mikeka, misahafu ya kuazima, mapazia ya kutenganisha upande wa wanawake. Kila kitu alikihesabu, akajisahau yeye.

Jumapili, saa tatu asubuhi, hawakuja kumi na mmoja. Walikuja kama watu wanaokwenda kuangalia meli mpya: kanzu zilizopigwa pasi, watoto waliopakwa mafuta hadi wanang'aa, vijana waliokuwa hawajasikia jina la Fatuma hadi juzi. Askari wa getini alifungua daftari la wageni. Kwenye safu ya shida ya kuja aliandika "kongamano" mstari wa kwanza, na chini yake akashusha alama za "vilevile" kurasa saba.

Mtu wa kwanza kufika mlangoni pa lifti alitazama sakafu, akaona inang'aa kuliko ya msikiti, akavua viatu. Wa pili hakutaka aonekane hana adabu. Muda si mrefu ukumbi wa chini ulikuwa na ndara, kobazi na viatu vya ngozi vimetandazwa hadi kwenye kiti cha askari, na wageni wote wa kongamano walipanda juu pekupeku. Muhidini alitaka kusema kitu, akaacha. Mtu akishakuvulia viatu humwambii avivae.

Lifti inachukua watu wanane. Pamoja na yeye, ikawa saba saba. Lifti ya pili ya mnara huo ipo, bado imefungwa nailoni. Ngazi zipo, lakini Sudi alilimaliza hilo mapema. "Ngazi hata kwangu ya kupandia darini ninayo," alisema, na mstari ukabaki palepale.

Bibi wazee waliingia, wakaketi chini sakafuni, miguu wameinyoosha, kwa kuwa chombo kikienda mtu mzima hasimami. Yule mwanamke wa Kichina alipotangaza ghorofa ya kwanza, Bibi Rukia, shangazi wa Sudi, aliitikia, "Marahaba, mwanangu." Alipotangaza ya pili akaitikia tena. Kufika ya kumi na nne alikuwa ameshamwombea mume mwema.

Sufuria kubwa la pilau lilipoingizwa, kengele ya uzito ikalia na mlango ukagoma.

"Mmoja ashuke," alisema Muhidini.

"Ashuke Mmakonde!" Bibi Hafsa alipiga kelele kutoka nyuma ya sufuria. "Pilau haishuki, na Mmakua haachi pilau!"

Walicheka hadi lifti ikatikisika. Muhidini naye alicheka, na safari hii uso ulijua wenyewe pa kukiweka kicheko.

Kisha kisomo kikaanza, na Muhidini akaelewa alichokubali kwenye fomu.

Watu walikuwa bado wanakuja. Alipofika juu, mlango ulifunguka, akasikia kipande cha aya, sauti nyingi za kiume zikisoma kwa pamoja, zaidi ya alizowahi kuzisikia kwa ajili ya mtu wa ukoo wake, mlango ukafungwa. Akashuka. Akapakia saba. Akapanda. Mlango ukafunguka, aya nyingine, mbali na ile ya kwanza. Hitma nzima ya dada yake aliisikia hivyo, vipande vya sekunde sita, katikati yake kukiwa na Kichina.

Mengine aliletewa na walioshuka kufuata maji au mtoto.

"Juu kumejaa, bwana," mmoja alimwambia. "Maalim kauliza, mfiwa yuko wapi? Ukumbi mzima ukamjibu kwa pamoja, yuko kwenye lifti! Tumecheka hadi Maalim mwenyewe kacheka."

"Ahaa," alisema Muhidini.

Mwingine alimweleza walivyosogea madirishani baada ya kisomo. Msumbiji haikuonekana; kuelekea kusini, kule Ruvuma inakoingia baharini, palikuwa na weupe tu. Lakini hakuna aliyejali. Watu walikuwa wanatafuta mabati ya nyumba zao. Lile jekundu kwa Zawadi! Lile lenye tairi juu ni kwangu! Mtu akiona bati lake alisogeza uso karibu na kioo, kama aliyekutana na picha yake ya utotoni.

Sudi aliposhuka hakusema kuhusu mabati. Alisimama ndani ya lifti hata mlango ulipofunguka chini.

"Kutoka kule juu inaonekana njia ya makaburini," alisema. "Yote, toka msikitini. Kumbe ni ndefu vile."

"Ni ndefu."

"Na mlikuwa kumi na mmoja."

"Tulikuwa kumi na mmoja."

Sudi alitafuta viatu vyake kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika, akaondoka.

Dua ilikwisha, pilau ikaisha, na Muhidini akaanza kuwateremsha, saba saba. Wengi walimshika mkono. Walimwambia hongera, wakitikisa kichwa kwa mastaajabu, wakiuliza lini tena. Waliomwambia pole walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mzee Ramadhani, aliyemshika bega na kulikandamiza kidogo, bila kusema lifti ni nzuri.

Walipokwisha wote alipanda mwenyewe. Ukumbi ulikuwa na mikeka, harufu ya bizari, na Bibi Hafsa anakusanya masinia. Alikuwa amemfunikia sahani. Muhidini alikula amesimama.

"Mia mbili na ushei!" alisema Hafsa. "Kanzu niliyoazima imekaa bure."

"Walimjia Fatuma, mtani, au walijia hiki?" Alionyesha ufunguo.

"Walisoma?"

"Walisoma."

"Basi. Kilichowapandisha si juu yako." Alipachika sinia juu ya sinia. "Juu yako ni siku watakayofiwa wao. Wamekujia. Sasa wewe utakwenda, au utawatumia lifti?"

Muhidini aliiweka sahani tupu juu ya masinia. Alitaka kutazama dirishani, lakini Hafsa alikuwa na masinia kumi na mawili na lifti ilikuwa na mwendeshaji mmoja.

Jumatatu Fredi alijaza safu yake. Hakusema uongo wowote. Aliandika mia mbili na kumi na wanne, wakiwemo vijana waliopanda mara mbili, na kwenye aina ya tukio akaandika kongamano, kama muhuri ulivyosema. Fomu ilipanda hadi makao makuu, ikashuka baada ya wiki saba ikiwa waraka. Picha iliyoambatana nao ilionyesha ukumbi wa chini, ila viatu walikuwa wamevikata.

Wiki hizo saba lifti ilifanya kazi kama zamani. Asubuhi Modesta alipanda ngazi. Mara moja alikuja fundi wa viyoyozi, akapanda hadi ghorofa ya saba, akakuta si jengo lake. Mtaani ndiko kulikobadilika kidogo: watu walimsalimu kwa jina, na barazani pa msikiti mtu alisogea kumpa nafasi. Muhidini alikaa kwenye nafasi hiyo kwa uangalifu, kama kiti cha kuazima. Mtaa ulikuwa haujafiwa.

Ikawa Jumatano. Saa nne na nusu simu iliita ndani ya lifti. Alikuwa Sudi.

"Bwana Muhidini, mzee Ramadhani katutoka alfajiri hospitali. Tunazika baada ya adhuhuri. Nakupa taarifa tu. Najua uko kwenye lifti."

Muhidini alibaki ameshika simu. Mbele yake, usawa wa macho, waraka ulisema hata kwa dakika moja.

Alivuka uwanja hadi Mnara wa Kwanza, akamkuta Fredi anatoka kwenye kikao na kuingia kwenye kingine.

"Ni ndugu?" aliuliza Fredi.

"Jirani."

"Mzee wangu, ingekuwa ndugu ningekupa siku tatu papo hapo. Jirani hayumo kwenye kanuni. Na waraka umeuona mwenyewe, umetoka kwa sababu ya watu wako wewe." Alimtazama, akapunguza sauti. "Mzee, usinitie matatani. Ukionekana umetoka, barua siandiki mimi. Inaandikwa huko juu, na hiyo huwa ya mwisho."

"Nimekusikia, meneja."

Alirudi, akasimama mahali pake. Alifikiria nyumba ya Magomeni, vyumba vitatu na ungo ukutani, na mshahara unaomfanya atoke humo asubuhi. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua, wala miaka ya kujifunza. Saa sita na nusu aliishusha lifti hadi chini, akazungusha ufunguo ili mlango ubaki wazi, mtu asije akakwama. Akatia ufunguo mfukoni, akampita askari wa getini, akapanda bodaboda.

Waliswali hadi nje, kwenye mchanga. Jeneza lilipotoka, wanaume walikuwa wengi kiasi kwamba hakuliona. Aliona kitambaa cha kijani kikielea juu ya kofia, kikienda mbio. Alijisukuma kuingia. Hakujua inavyofanywa watu wakiwa wengi, akamkanyaga mtu, akapigwa kiwiko, akajikuta chini ya mti wa jeneza, bega lake linauma kwa uzito wa mtu ambaye alipokuwa hai alikuwa mwepesi. Alihesabu hatua tisa. Kisha mkono ukamgusa, bega lingine likaingia mahali pake, akatemwa pembeni barabarani, anahema, shati limechomoka.

Walipita mbele ya duka la mabati bila kupunguza mwendo.

"Yuko Lifti!" Sudi alikuwa ubavuni mwake, jasho linamtiririka. "Lifti umemwachia nani?"

"Nimemwachia Mchina."

"Anajua kazi?"

"Kunishinda."

Sudi alicheka, akamshika mkono, akamvuta mbele waingie tena. Makaburini alitupa udongo mara tatu kama wengine. Hakuna aliyemtazama kwa mshangao, na hakuna aliyemshukuru. Dua ilipoitikiwa alitazama simu yake, akaondoka kwa mguu hadi barabara kubwa, peke yake, akiwa na udongo kwenye kucha.

Alifika kazini saa nane na dakika arobaini. Askari wa getini alikuwa amelaza kichwa kwenye daftari la wageni. Meza ya mapokezi ilikuwa kama ilivyokuwa. Muhidini alikung'uta viatu, akapita ukumbi, akaenda moja kwa moja kwenye lifti, tayari na maneno yake, endapo angemkuta mtu anasubiri.

Mlango ulikuwa wazi kama alivyouacha. Ile lifti ina taa ya ndani inayojizima yenyewe ikipita nusu saa bila mtu kuingia. Ilikuwa imezimika.